Mwaka Wembe ya Kilio Ililika Katikati

Simu ilinikuta na sabuni ku nusu ya uso. Nilikuwa najinyoa mbele ya ile kioo yangu ya kupasuka, hapa ku Butembo, asubuhi, na ile baridi yetu, na sauti ya mwanamuke ikasema: «Papa Kasereka? Ni Kavira, binti ya Kambale wa Beni. Papa ametuacha.» Nikamwambia pole, pole mwanangu, Mungu amupumuzishe. Nikafunga simu, nikarudilia kunyoa. Na mwenye kunisoma ajue tangu sasa miye ni mutu wa namna gani: mbele ya kulia, neno ya kwanza yenye iliingia mu kichwa yangu ilikuwa hii, ile wembe, sasa nani ataibeba? Mwenzangu amekufa, uso yangu iko nusu nyeupe, na miye niko nawaza wembe. Nikajikata pale chini ya kidevu. Nilistahili.

Sitaandika nilizaliwa wapi na bazazi bangu balikuwa banani. Kila mutu alizaliwa mahali, haina faida. Nataka kuandika mwaka moja tu, ile mwaka nilitumikaka kwa Muzee Paluku, kinyozi, wakati inchi ingali inaitwa Zaïre na miye nilikuwa na miaka makumi mbili na moja. Masomo niliachia mu darasa ya tatu, donc basi mutanisamehe. Naandika sawa vile nasema, na nikitoka mu njia nitarudi, juu ya kuwa hii njia naijua hata macho ikifungwa: inatoka ku Butembo, inafika ku Beni, na katikati yake kuko wembe.

Nyumba ya Muzee Paluku ilikuwa na chumba moja ya mbele, ya matofali ya udongo, yenye kuangalia barabara. Ndani mulikuwa kiti moja nzito yenye mafundi ba misioni balitengenezaka, kioo, ndoo, brosse ya sabuni, na mushipi ya ngozi ya ngombe yenye kupigwa musumari pembeni ya mulango. Lakini utajiri ya ile chumba ilikuwa dirisha. Ilikuwa na vitre ya kweli, kioo ya kuonea inje, moja tu, na Mama Kavugho, bibi ya Muzee, alikuwa anaipangusa kila asubuhi mbele hata ya kuwasha moto. Nyuma ya chumba ilikuwa ukuta ya mbao, na nyuma ya ukuta jikoni. Ile ukuta ilikuwa inazuia moshi kidogo. Maneno, hapana. Tulikuwa tunasikia hata vile chumvi inaingia mu chungu.

Wembe ilikuwa mbili, zile za kukunja, za zamani. Moja ilikuwa na mupini ya mufupa, nyeupe, ya ndevu za kila siku, ya bwana-arusi, ya mwalimu, ya mutu yeyote mwenye kuja akicheka. Ya pili ilikuwa na mupini ya pembe nyeusi, na ile Muzee alikuwa anaiita wembe ya kilio. Kwetu, mutu akizikwa, jamaa banakaa ku kilio, na siku ya kumaliza bananyoa kichwa ya muke mwenye kubaki, na ya batoto. Kinyozi njo anaitwa pale mu lupango, mu kiwanja ya jamaa. Sheria ya Muzee Paluku ilikuwa hii: wembe ya kilio haigusake ndevu ya mutu mwenye kucheka. Na sheria ya batu, ile haikuandikwa fasi yoyote: damu isitoke. Damu ikitoka ku kichwa ya mujane, bazee ba upande ya marehemu banaangaliana. Banasema marehemu amekataa, ule muke kuko neno anaficha. Niliona batu ba misa ya kila asubuhi, rozari mu mukono, bakiamini ile neno sawa vile banaamini mvua. Njo maana kunoa wembe ya kilio haikuwa kazi ya mutu yeyote.

Nitaeleza vile Muzee alinoaka, juu siku hizi bijana bananunua wembe ya karatasi, bananyoa, banatupa. Jiwe yake ilikuwa ya manjano, ya kulala sawasawa, inakaa mu kisanduku na ufunguo. Kila siku ya posho, Jumamosi, alikuwa anaisugua na muchanga juu ya jiwe ingine, juu jiwe yenye kuvimba inavimbisha makosa, na jiwe yenye kuingia ndani vilevile. Anaitia maji. Analaza wembe mupaka mugongo na makali biguse jiwe pamoja. «Bilale sawa bibi na bwana,» alikuwa anasema, «mumoja akiinuka, nyumba imeharibika.» Kisha anasukuma, makali mbele, kwa kukingama kidogo, tokea kisigino mupaka ku ncha, ili wembe yote ipite na hakuna fasi inakula kupita ingine. Anaigeuza juu ya mugongo, anarudi. Hapana kufinya. «Uzito yake mwenyewe inatosha. Weye unaisindikiza tu.» Kisha mushipi, mara hii mugongo mbele. Na mwisho kabisa anaenda ku dirisha, anasimamisha makali juu ya vitre, anainama, anatafuta mwanga. Mwanga ikipita katikati ya vitre na wembe, makali imelika, haiko tena wembe. Mwanga ikikosa fasi ya kupita, Muzee alikuwa anasema maneno mbili: «Iko sawa.»

Ile maneno mbili! Nilikuwa naitaka kupita chakula. Miye nilifikaka wa kwanza kwa Muzee, mwezi tatu mbele ya Kambale, na kila mara nilipeleka ile wembe nyeupe ku dirisha alikuwa ananiambia: «Rudilia.» Kambale alifika akitokea Lubero, masikio kubwa, koti ya kaka yake, anasema polepole sawa mutu anayetafuta maneno mu mufuko. Juma ya kwanza, Muzee akamupatia wembe nyeupe. Kambale akanoa, akipiga wimbo ya kanisa yao mu pua, akapeleka ku vitre. Muzee akainama. «Iko sawa.» Nilikuwa nafagia nywele. Nilifagia fasi moja mupaka udongo ikatoka.

Tulikuwa tunachekeshana, ni kweli. Miye Mukatoliki, yeye Muprotesta, kazi haikosake. «Kasereka,» ananiambia, «weye unanoa sawa unakimbilia komunyo, unaogopa ikwishe.» Namujibu: «Na weye, ndugu, unanoa sawa mahubiri ya pasta yako. Batu banazeeka ndani.» Anacheka mupaka masikio inatikisika. Alikuwa ananipenda, njo vile ilikuwa mubaya. Mutu mwenye kukuchukia, unaweza kumuchukia na roho safi. Mais lakini huyu alikuwa anagawanya na miye bilazi, viazi ya kuchoma yenye mama yake alimutumia toka Lubero, na miye niko nakula kilazi yake nikihesabu sababu za kumuonea wivu.

Na nilihesabu mingi. Saa ya kula ya katikati ya siku, Mama Kavugho alikuwa anatuletea bundu, ugali ya muhogo, mu sahani mbili, na sombe ya majani yake, siku zingine na samaki. Nilikuwa napima bundu yake na yangu kwa macho, na macho yangu ilikuwa balanse, mizani ya kuiba: kila siku yake ilipita. Kichwa ya samaki, yeye. Miye mukia. Siku moja nikauliza, sawa mutu mwenye kuchezacheza: «Mama, kwetu samaki hainaka kichwa?» Mama Kavugho akasema: «Kambale anaoshaka sahani. Weye unaoshaka nini?» Nikatafuna mukia yangu. Tangu pale nilichukia hata zile sahani.

Lakini yenye ilinimaliza nilisikia mu ukuta. Nilikuwa peke yangu mu chumba ya mbele, mvua inaanza, Muzee amekaa jikoni na chai yake. Mama Kavugho akamuuliza: «Wembe ya kilio utapatia nani kuchunga? Macho yako imechoka.» Muzee akakunywa kwanza, nilisikia. «Kambale. Ule ana mikono ya kusikia.» «Na Kasereka?» «Kasereka ana mikono ya kusema.» Mama akacheka kidogo, hapana kwa ubaya. Nilisimama pale na brosse mu mukono mupaka sabuni ikanikaukia ku bidole. Leo niko na miaka mingi, meno ilibaki kidogo, nilisikia mabaya mingi juu yangu mu maisha, batu baliniita mwizi mu soko siku moja bila kosa, na nilisahau. Ile ya mikono sijasahau. Juu ilikuwa kweli.

Basi Kambale akapatiwa wembe nyeusi. Alikuwa anaichunga mu kitambaa, mu kikapu yake, chini ya kitanda yetu. Tulikuwa tunalala chumba moja. Miye nikajifundisha neno moja ya kijinga, na nikaishikilia: ile wembe haikati muzuri, Kambale anaibembeleza tu, hainoake. Nikasema, nitaipatia makali yenye Muzee hajaona, na siku ya kilio ikija, wembe ikipita ku kichwa sawa ku maziwa, nitasema: ni miye. Munasikia? Nilijitayarishia ile neno, «ni miye», kwa ajili ya sifa.

Siku ya Mungu nilitoka misa ya kwanza. Kambale alikuwa ku kanisa yao, na kwao kuimba kunamalizika jua ikiwa juu ya kichwa. Muzee na Mama balienda kuona mugonjwa. Nikatoa wembe. Kisanduku ya jiwe ilifungwa na ufunguo, mais mu jikoni kulikuwa jiwe ya Mama Kavugho, jiwe ya mutoni, yenye bibi bananolea kisu ya ndizi na panga. Jiwe ya muviringo, mugongo juu sawa mukate. Nikaitia maji, nikanoa vile tunanoaka panga ku shamba kwetu: bidole mbili juu ya chuma, pale katikati, na kufinya. Juu niliwaza, katikati njo inanyoa, katikati njo ipate nguvu. Na mugongo ya wembe nikaiinua kidogo, ili makali ije mbio. Ilikuja mbio! Nikajaribu ku mukono, nywele ikaruka. Sikujua kama mukono ni muviringo, na wembe yenye kulika katikati inakumbatia kila kintu ya muviringo. Ku dirisha sikuenda. Ile vitre ilikuwa hatua tano, na sikuenda, na musiniulize sababu, juu sababu naijua: niliogopa kusikia «rudilia» hata mu chumba bila mutu. Nikapangusa wembe, nikarudisha mu kitambaa vilevile, pembe juu ya pembe.

Siku ya tatu yake njo balituita. Kulikuwa bwana moja, mununuzi wa maharagi, camion, lori kubwa, ilimwangukia ku njia ya Alimbongo. Aliacha muke kijana, Kahindo, bado bila mutoto. Asubuhi ya kumaliza kilio, Muzee akatubeba bote wawili, juu jamaa ilikuwa kubwa. Mu lupango mulikuwa baridi na moshi, bamama banaambua bilazi kuzunguka chungu tatu za maharagi, bazee ba upande ya marehemu juu ya viti, na Kahindo juu ya mukeka, migulu imenyooka, kitambaa imetolewa ku kichwa. Nakumbuka shingo yake. Kambale akapiga magoti nyuma yake, akamulowesha nywele, akafungua wembe, na miye nikasimama karibu na ndoo, tayari na neno yangu ya sifa mu mudomo.

Juu ya kichwa ilipita muzuri. Bamama baliendelea kusema mambo yabo, mumoja anasema bilazi ya mwaka hii inaozea ndani, mwingine anamujibu ni mubegu ya wizi. Kambale akashuka nyuma ya sikio, pale ngozi inaingia ndani, na ile fasi haiko muviringo. Makali katikati haikufika. Zile ncha mbili za wembe, zenye zilibaki juu sawa meno, bikaingia. Mbili, mara moja. Moja nyuma ya sikio, moja chini karibu na shingo. Kahindo hakulia. Alipeleka mukono, akaangalia bidole, kisha akageuka akaangalia Kambale, hapana na hasira, sawa mutoto mwenye kuuliza nimefanya nini.

Bisu za bamama bikasimama. Shangazi moja ya marehemu, muzee wa kukauka, akainuka ku kiti. «Paluku, umeona?»

«Nimeona wembe,» Muzee akasema. «Wembe iko mubaya.»

«Sisi tumeona muke.»

«Mama, nakuambia ni chuma. Nitakuonyesha.»

«Hiyo chuma yako ilinyoa baba yangu, ilinyoa kaka yangu, haikutokaka damu. Leo njo inakuwa mubaya?» Akageukia bengine: «Mumuulize alimupikia nini bwana yake, ile asubuhi ya safari.»

Tulirudi ku chumba ya mbele. Muzee akaenda sawasawa ku dirisha, kofia ingali ku kichwa, akasimamisha wembe juu ya vitre. Hata miye toka mulangoni niliiona: mwanga, nyembamba, ya muviringo, sawa mwezi ya kwanza. Muzee akauliza bila kugeuka: «Nani amenoa?»

Neno ilikuwa mu mudomo. Ile ile, «ni miye», niliitayarisha tangu siku ya Mungu. Nzi alikuwa anatembea juu ya sabuni, namukumbuka kupita nakumbuka uso ya baba yangu. Na Kambale akasema: «Ni miye naichunga, Muzee. Ni miye.»

Muzee akaangalia mikono ya Kambale. Kisha akaangalia yangu, wakati murefu. «Bon,» akasema.

Alirudi kwa ile jamaa mara mbili, wembe mu kitambaa, abaonyeshe. Hawakuangalia. Mara ya pili balimuambia kinyozi akiharibu kazi asitafute kuharibu na kilio. Kahindo bakamurudisha kwabo na kifurushi ya manguo, na jina mubaya. Na miye? Ile lupango ilikuwa karibu, mutu anafika mbele chai ipoe. Nilienda. Naapa, nilienda mupaka ku lupango yao, nikashika miti ya fensi, nikasikia Kahindo ndani akisema: «Nilimupikia bilazi na maharagi, sawa siku zote, nitasema nini ingine?» Kulikuwa neno moja tu ya kusema, na ilikuwa yangu. Na hapa sitafuti kujipakaa mafuta. Woga ilikuwa kidogo. Niliwaza hivi: nikisema, Kambale atabaki na miye njo nitatoka. Nikahesabu ile, nikaachilia fensi, nikarudi kula. Siku ile kulikuwa samaki.

Kisha juma moja Muzee akaita Kambale mu chumba ya mbele. Nilikuwa jikoni, sikio ku mbao. «Beba hii wembe. Sitainyolea tena mutu.» «Niitengeneze, Muzee?» «Chuma haiongezwake. Katikati palilika, palilika. Itabidi upunguze ncha zote mbili, polepole, mupaka bishuke bifikie pale paliumia. Ukienda mbio utafanya shimo ingine. Itakuwa miaka.» Kisha nikasikia kisanduku. «Beba na jiwe.»

Na jiwe! Mutu anafukuzwa juu ya kosa, anatoka na wembe na jiwe ya manjano, na miye mwenye kubaki nabaki na fagio. Kambale akapanda juu ya camion ya kwenda Beni, akanipungia mukono, akacheka na masikio yake. Nilikuwa na chumba nzima sasa, na Muzee peke yangu, na kichwa ya samaki. Ile samaki ilikuwa na mifupa mingi sana, sikujuaka. Na mwaka yote yenye ilibaki, Muzee hakunituma ku kilio hata moja, na ku dirisha alikuwa ananiambia ile ile, «Rudilia,» mais sasa bila kuinama.

Nilitoka kwake. Nilikata nywele ku soko na makasi, kisha na mashini ya moto wa umeme, siku umeme iko. Kisha miaka mbili nikasikia bamama ku soko: Kambale ameoa ku Beni. Ameoa nani? Ule muke mwenye alitokaka damu. Alimutafuta kwabo, akaomba musamaha juu ya mukono yake, akarudi tena kuomba, mara ya tatu akaomba muke. Nilisikia ile nikiwa na makasi ku kichwa ya mutu, na wivu ikanipanda sawa homa. Niliwaza: hata bibi, ni kidole yangu ilimupatia! Sikuoa mubaya, miye, sikusema ile, mama ya batoto bangu alikuwa mutu muzuri na namulilia mupaka leo. Mais wivu haiulizake kama umeshiba. Kutoka Butembo mupaka Beni ni njia ya asubuhi moja. Nilipita mara nyingi nikienda Oicha kununua cacao, wakati njia ile ilikuwa ingali njia ya kupita na kucheka. Gari ikifika mbele ya nyumba ya Kambale nilikuwa nashusha kofia ku macho, nafanya sawa mutu mwenye usingizi. Sikushukaka hata siku moja.

Donc juma iliyopita nilishuka. Mu mufuko ya koti nilibeba kitambaa ya flanele, safi, niliipiga pasi mwenyewe. Nilijiambia ni ya jasho, juu Beni iko na joto. Ilikuwa ya kufungia wembe.

Lupango ilijaa batu. Pembeni ya barabara cacao inakauka juu ya turubai, na harufu yake ya siki inaingia mupaka ku viti. Siku ya kunyoa ikafika, jamaa bakauliza nani ataita kinyozi, na Kahindo, bibi muzee sasa, akasema mbele ya bote: «Kasereka ataninyoa.» Batu bakaniangalia. Kavira akaleta wembe. Ule binti eko na salon yake, nywele za kusuka, kila namna, na alichemusha wembe mu sufuria, akaipangusa na alkoli, vile banafanya siku hizi. Akanitilia mu mukono. Sikuitambua. Mupini ni ile ile ya pembe nyeusi, mais chuma ilibaki nyembamba, nusu ya ile nilijuaka. «Kila siku ya Mungu akitoka kanisani,» Kavira akasema, «mara kumi upande hii, mara kumi upande hii. Nilimuambia, Papa, malizia basi siku moja. Alikataa. Nilianza masomo akinoa, nikamaliza akingali ananoa.»

Nikaipeleka ku dirisha ya nyumba yabo, nayo iko na vitre. Nitaandika ukweli, juu hakuna faida ya kudanganya mu kitabu ya mwisho wa maisha: nilitamani kuona mwanga. Kidogo tu, sawa unywele. Ili Kambale naye akose neno moja. Nikasimamisha makali juu ya vitre, nikainama na mugongo yangu hii. Hakuna. Toka kisigino mupaka ncha, wembe na vitre bililala pamoja, hata pumzi haipite.

Kahindo akakaa juu ya mukeka, migulu imenyooka. Nywele yake nyeupe ikaanza kuanguka juu ya kanga. Nilienda polepole, na nilipofika nyuma ya sikio nikaona alama mbili, nyembamba, moja juu, moja chini, na katikati yabo urefu ya wembe. Mukono yangu ikasimama.

«Umefika pale,» akasema, sauti ya chini.

«Nimefika.»

«Iko mbili.»

«Naziona, mama.»

«Kambale aliniambiaka, mwaka ya kwanza ya ndoa. Siku ya Mungu akiosha sahani, aliona jiwe ya jikoni iko na mistari ya chuma, nyembamba, kisu haifanyake ile. Alisema utakuja weye mwenyewe kusema. Nilikuwa nakuwekea kiti.»

«Kisha?»

«Kisha batoto bakaikalia.»

Nikasema. Nilisema kwa nguvu, mbele ya ile lupango yote: «Ni miye. Wembe hii, ni miye niliiharibu, ule mwaka. Kambale hakukosa. Na mama huyu hakuficha neno.» Bamama bakaangaliana. Bale balimuhukumuka balikufa zamani, hakuna mutu pale alijua nasema nini. Kijana moja akanong'ona: «Muzee anachanganya.» Kahindo akanyoosha shingo. «Malizia nyuma, Kasereka. Maji inapoa.»

Nikamalizia. Nilipitisha wembe juu ya zile alama mbili, ku ile fasi yenye ngozi inaingia ndani, na ilipita. Kahindo akapeleka mukono nyuma ya sikio, akaangalia bidole. Bidole ilikuwa na maji tu.

Kavira akachukua wembe mu mukono yangu. Hakuniuliza. Akaipangusa, na mbele ya kuifunga, akaenda ku dirisha. Nilielewa: alikuwa anaangalia kama sijaiharibu tena, baba yake alimufundisha. Muzee muzima, nikasimama pembeni ya mukeka na mikono nyuma, nikingoja. Wivu ilikuwa pale, sitasema ilikwisha: ile wembe ni yake, jiwe ya manjano ni yake, na ana ile mikono. Akainama. Akakaa vile, wakati murefu kabisa.

«Iko sawa, Papa.»

Akatafuta na macho kintu ya kuifungia. Nikatoa flanele mu mufuko, nikamupatia. «Ulikuja na yo?» akauliza. Nikasema ndiyo, nilikuja na yo. Kitambaa ilibaki Beni. Yale maneno mbili nilirudi na yo ku Butembo, hata kama najua ilikuwa ya Kambale.